Duka la vito Arusha lililokataa kuniuzia pete ya tanzanaiti

Nimenunua pete ya spineli na hereni za tanzanaiti kwa mzee mmoja muuza vito Arusha, na nimeridhika kiasi cha kukaa na kuandika haya yote. Duka liko ghorofani, mtaa wa nyuma, si mbali na mnara wa saa. Jina lake mwenyewe ameniomba nisiliandike, na ninamwelewa: mtu anayelala na mawe ya thamani kabatini hatafuti umati mlangoni. Ninachotaka kukisema ni namna anavyouza. Kina mama wengi tunafika kwenye maduka haya na fedha za kikoba tulizozifunga kwenye pindo la kitenge, tunaoneshwa kitu kinachong'aa, tunaambiwa "hii orijino, mama", tunalipa, tunaondoka. Ukituuliza tumenunua nini, hatuna jibu zaidi ya rangi.

Mimi ni fundi cherehani, nina banda langu Moshi, na kilichonipeleka Arusha ni pete ya tanzanaiti. Huku kwetu tanzanaiti si habari ya magazetini. Mirerani, inakochimbwa, iko karibu na uwanja wa ndege wa KIA, na hakuna mtaa usio na kaka au mjomba aliyewahi kuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa mashimo yale, akakaa mashimoni miaka, akatoka na nyumba au akatoka na kikohozi. Mwaka 2020, mchimbaji Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe yake mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7, siku ile bandani kwangu hakukushonwa kitu, watu walikuwa wanahesabu sifuri. Basi mgao wa kikoba ulipotoka na ada za watoto zimekwisha kulipwa, nikasema mwaka huu na mimi navaa jiwe la kwetu.

Yule mzee hakunionesha kitu kwanza. Alinipa kiti, akaagiza chai, akauliza, "Mama, shughuli zako ni zipi?" Nikamwambia cherehani. Akatazama mkono wangu wa kulia, pale mkasi ulipoacha sugu. "Pasi unatumia ya mvuke?" Ya mvuke, nikamjibu, na ya mkaa umeme ukikatika. Akatikisa kichwa. "Tanzanaiti nitakuuzia, lakini si ya kidoleni."

Pete zenyewe zilikuwa zimelala mbele yangu kwenye kioo, nzuri, na fedha nilikuwa nazo mkobani. Angetaka angeniuzia moja na nikamshukuru. Badala yake alinieleza. Mawe hupimwa ugumu kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Almasi ni 10. Rubi na safaya ni 9, spineli 8, zumaridi iko kati ya 7.5 na 8. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Sasa vumbi la kawaida, lile tunalofagia kila asubuhi, lina chembe za kwatzi, yaani mchanga, na ugumu wa kwatzi ni 7. Ukifuta vumbi kwenye jiwe lililo laini kuliko hapo unalisugua taratibu, na baada ya muda kingo zake zinafifia na mng'ao unakufa. Banda langu liko kando ya barabara ya vumbi. Zaidi ya hayo, tanzanaiti ina upande mmoja inaopasukia kirahisi ikigongwa, na haipendi kubadilishiwa joto ghafla. Mkono wangu unatoka kwenye mvuke wa pasi unaingia kwenye beseni la maji. Masikioni hakuna pasi wala hakuna meza ya kugonga, kwa hiyo hereni, sawa. Mkufu, sawa. Pete ya kazini, hapana, labda kwa mtu atakayeivaa kwenye sherehe na kuivua akifika nyumbani.

Baada ya hapo ndipo akatoa trei ya mawe asiyoyauza, ya kufundishia wateja. Pale nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga na chai ikapoa.

Mawe manne yalikuwa yametengwa juu: almasi, rubi, safaya na zumaridi. Hayo ndiyo ambayo biashara ya Ulaya iliyaita ya thamani, na mengine yote yakabatizwa thamani nusu. Mzee haupendi mgawanyo huo, na mimi baada ya kuona trei yake siupendi. Kulikuwa na rubi moja kubwa, nyekundu ya matope, imejaa nyufa, ambayo alisema hata kwa elfu hamsini haitoki. Kando yake kulikuwa na ganeti ya kijani, tsavoriti, ndogo kuliko punje ya mchele, inayowaka, na bei yake ingelipa kodi ya banda langu kwa miezi. Tsavoriti nayo ni ya huku kwetu: mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta upande wa Simanjiro mwaka 1967, akaja kuikuta tena Taita Taveta, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kampuni ya vito ya Marekani, Tiffany, ikaipa jina kutokana na hifadhi ya Tsavo. Na lile jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, lililoitwa rubi kwa karne nyingi, ni spineli. Kwa hiyo jina kubwa peke yake halinunuliki. Kinachonunuliwa ni rangi, usafi, ukataji na uzito wa jiwe lile lililo mbele yako.

Nilijifunza pia kwamba rubi na safaya ni jiwe moja, korundi. Kromi ikiingia linakuwa jekundu, chuma na titani vikiingia linakuwa bluu. Na lile jiwe la kijani lenye madoa mekundu la Longido, wanalochonga vinyago na mabakuli, ni ndugu wa tanzanaiti. Ule ukijani ni madini yaitwayo zoisiti, na tanzanaiti ni zoisiti iliyopakwa bluu na madini ya vanadi. Nimepita Longido mara nyingi nikienda Namanga na sikujua.

Kisha akanipa lenzi, ile ndogo ya kukunja inayokuza mara 10. Kuna namna ya kuishika: iwe karibu na jicho hadi kope ziiguse, macho yote mawili wazi, halafu ulete jiwe kwenye lenzi kwa kibano, usipeleke kichwa kwenye jiwe. Kwa mtu anayetunga uzi kwenye sindano kutwa nzima haikuwa kazi. Akanipa rubi mbili zilizofanana. Ya kwanza nikaona vitu kama nyuzi fupi laini zimelala kwa mpangilio, na kijiwe kidogo ndani ya jiwe. Ya pili nikaona viputo vya hewa bapa vimekaa ndani ya nyufa, na nilipoizungusha kidogo ufa mmoja ukatoa mmweko wa bluu. "Hiyo ya pili," akasema, "ni nyufa zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi." Rubi za namna hii zilijaa masokoni miaka ya 2000. Ni rubi, ndiyo, muuzaji akikuapia haapi uongo, lakini kioo kile kinaharibiwa na asidi, hata ya ndimu. Mama anakamulia kachumbari na pete kidoleni, baada ya muda jiwe linaonekana limechanika mistari myeupe. Sonara naye akilipelekea moto wakati wa kurekebisha pete, limekwisha. Hili la ndimu nimelirudia kwa kila mteja wangu anayevaa pete nyekundu, na nitaendelea.

Zumaridi nayo ina mambo yake. Karibu zote zina nyufa ndogo ndani, na ni desturi ya zamani kuzipaka mafuta yaingie kwenye nyufa zisionekane. Hilo si wizi ikiwa umeambiwa. Usizichemshe wala usiziloweke kwenye dawa.

Almasi tulizipita haraka, uwezo wangu haufiki huko.

Kwenye tanzanaiti tulirudi tukakaa. Nilimuuliza kwa nini jiwe la hapa jirani bei yake inatushinda sisi wa hapa jirani. Akasema duniani kote linatoka kwenye ule ukanda mmoja wa kilomita chache Mirerani, basi. Jumanne Ngoma aliliokota mwaka 1967, Tiffany wakalitangaza kwa jina hilo mwaka uliofuata, na Ngoma mwenyewe alikuja kutambuliwa rasmi na serikali mwaka 2018, mzee tayari, mwaka uleule ukuta wa kilomita 24 ulipozinduliwa kuzunguka migodi. Miaka hamsini mtu anasubiri kuitwa jina lake. Mzee alilisema hilo kwa uchungu na mimi nimelibeba kwa uchungu uleule.

Jambo jingine alilolisema bila kuulizwa ni moto. Karibu tanzanaiti zote za bluu unazoziona zimepashwa moto. Mengi yanatoka ardhini yakiwa na ukahawia. Yakiwekwa kwenye tanuri dogo, nyuzi joto kama 500 hadi 600 za Selsiasi, ukahawia unaondoka na bluu na zambarau vinabaki, na rangi hiyo hairudi nyuma. Hakuna ubaya. Ubaya ni mtu kukutoza zaidi kwa madai kwamba jiwe lake halijaguswa na moto, huku hana karatasi ya maabara.

Nyuma ya duka, mlango ukiwa wazi, yupo binti anayekata mawe. Amesomea pale Arusha, Kituo cha Jemolojia Tanzania. Alikuwa na tanzanaiti ghafi ambayo haijapashwa, akaniruhusu niishike dirishani. Nikaizungusha: bluu. Nikaigeuza robo: zambarau. Nikaisimamisha: rangi ya damu ya mzee, kahawia ndani yake. Jiwe lilelile, mwanga uleule. Akanieleza kwamba akilaza uso wa juu upande mmoja anapata bluu ya kina lakini anatupa jiwe jingi, akilaza upande mwingine anabaki na karati nyingi, yaani uzito, ila rangi inaelekea zambarau. Hapo nilimwelewa kabla hajamaliza, kwa sababu ni sawa na kitenge chenye picha kubwa: ukitaka ua likae katikati ya kifua, unakata vibaya na unabaki na vipande visivyofaa hata mfuko. Ndiyo maana bluu ile nzito ni ghali, unalipia na kilichotupwa. Mikono yake ilikuwa mitulivu. Jiwe analinatisha kwa nta kwenye kijiti, analigusisha kwenye sahani inayozunguka, analitazama, analigusisha tena. Uso mmoja, halafu unaofuata. Ningeweza kumtazama hadi jioni.

Alinionesha pia jinsi ya kukamata jiwe lililokatwa kwa haraka ili lionekane pana. Liweke juu ya gazeti, uso wa juu ukuangalie. Ukiweza kusoma herufi katikati ya jiwe, limekatwa bapa mno na mwanga unatokea chini badala ya kukurudia. Wao wanaita dirisha. Nililijaribu kwa mawe yote ya mezani, na mawili ya kwao wenyewe yalikuwa na dirisha. Mzee alikiri na kuniambia ndiyo maana bei yake iko chini. Kuhusu feki, anasema tanzanaiti ya maabara bado haijaletwa sokoni, kinachopitishwa mitaani ni kioo na fosteriti, madini mengine, ya kutengenezwa. Fosteriti utaijua kwa lenzi: ukitazama ndani, kingo za upande wa chini unaziona mbilimbili.

Pete sasa. Alinifungulia vikaratasi vilivyokunjwa, mawe ya Tunduru: safaya za rangi zote, ganeti, krisoberili, na spineli. Macho yangu yalikwenda kwenye spineli moja ya zambarau iliyopoa, ina ukijivu ndani, rangi ambayo kwenye hariri huwa naitafuta madukani bila kuipata. Ugumu 8, haina upande wa kupasukia kirahisi, na haijapashwa moto. Nikaomba kutoka nayo nje. Sinunui kitambaa chini ya taa ya dukani, siwezi kununua jiwe. Na hapa kuna lalamiko langu la kwanza: taa za kabati lao ni kali mno na nyeupe mno, kila kitu pale kinapendeza. Mzee hakubisha. Tulitoka barazani, nikaitazama kivulini, nikaitazama juani, tukarudi ndani akawasha taa ya zamani ya njano. Spineli ilibaki kuwa yenyewe. Tanzanaiti za hereni zilibadilika, nje bluu, chini ya taa ya njano zambarau kabisa, na nilizipenda zote mbili.

Spineli ilipimwa mbele yangu, karati 1.12. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo unalipia kitu ambacho hukisikii mkononi. Alianzia laki nane na nusu, tukamalizana laki saba na ishirini. Hereni, mawe mawili ambayo hayafiki karati moja kila moja, yaliyoshikwa kwenye madini ya fedha, laki saba. Sijui kama jirani yake angenipa chini ya hapo. Nilichokipata juu ya mawe ni karatasi iliyoandikwa aina ya jiwe, uzito, vipimo vyake kwa milimita, na mstari unaosema limepashwa au halijapashwa, pamoja na risiti ya EFD. Leseni yake ya biashara ya madini imebandikwa ukutani, unaisoma umekaa. Cheti cha maabara hakikuwepo, na kwa jiwe la bei hii sikukidai. Kama unanunua la mamilioni, kidai.

Kwa upande wa sonara wanayemtumia, sifa zangu zinapungua. Nilikwenda na mkufu wa marehemu mama, wa dhahabu ya karati 18 (kwenye dhahabu karati ni usafi, si uzito), uliokatika vipande, nikataka uyeyushwe uwe pete. Waliupima na kuujaribu mbele yangu, na uzito ukaandikwa, hapo sina neno. Nilieleza kwamba sitaki kucha, vile vimeno vya dhahabu vinavyoshika jiwe, maana kucha hunasa uzi na lasi siku nzima. Nataka jiwe lizungukwe na ukuta wa dhahabu na likae chini. Tuliafikiana wiki moja. Haikuwa wiki moja, na kila nilipopiga simu niliambiwa "kesho, mama". Pete ilipokuja ilikuwa nzuri kwa macho. Nikaitikisa karibu na sikio kama binti alivyonifundisha, nikasikia mlio mdogo wa jiwe kuchezacheza ndani. Nikairudisha palepale kaunta. Waliikaza upya bila malipo na mzee aliniomba radhi mwenyewe, lakini mteja asiyejua kuitikisa angeondoka nayo na siku moja angekuta tundu.

Mengine ya kulalamikia: bei hazijaandikwa popote, na ya kwanza kutajwa ilikuwa ya dola mpaka nilipoomba ya shilingi. Ngazi ni nyembamba na haina mkono wa kushika. Nilimpeleka shangazi yangu baadaye akaja kuchagua jiwe la mkufu, magoti yalimsumbua, tulipanda tukipumzika. Duka lenye wateja watu wazima linahitaji walau bomba la kushikilia ukutani, na nimemwambia mzee hivyo.

Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimemnyima kwa sababu ya sonara. Ukipanga kwenda, nenda asubuhi kuanzia saa nne, mwanga wa barazani ni mzuri na binti yuko mezani. Jumamosi mchana wageni wa safari wanajaa na hutapata muda wa kuuliza. Chukua kitambulisho, na kama una dhahabu ya kuyeyusha ipime kwanza kwingine ujue uzito wake. Waambie kazi ya mikono yako kabla hujawaambia bajeti.

Pete naivaa kila siku na uzi haunasi. Hereni nazisafisha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo na mswaki laini wa mtoto, kisha nazikausha kwa kitambaa cha pamba. Ukizipeleka kwa sonara mwenye ile mashine ya kuosha kwa mtetemo, mwambie mapema kwamba ni tanzanaiti, asizitie humo.